Marijani Rajabu, Jabali Aliyezaliwa Kariakoo, na Akina Rosa Wetu wa Leo

SEHEMU YA 1



Wiki iliyopita tulimaliza mambo ya manjano kwa kichanga. Mama mmoja kaniandikia pembeni: "Sista, safari hii tupumzishe na magonjwa, tuandikie kitu cha kusoma usiku huku mtoto ananyonya." Sawa mama, nimekusikia. Leo ni muziki. Ila mnanijua, mimi nikianza na muziki nitaishia kliniki tu, kwa hiyo vumilieni.

Ukikaa muda mrefu kwenye kazi yetu unagundua kwamba majina yana miaka yake. Kadi za kliniki za siku hizi zimejaa majina ya tamthilia na ya wachezaji mpira. Lakini mtoto akiletwa na bibi, na ukamuuliza bibi jina lake yeye au la mwanawe wa kwanza, unakutana na watu wengine kabisa: Zuwena, Georgina, Mwanameka, Paulina. Mabinti wadogo wanaofanya nasi mafunzo kazini wakisikia Zuwena wanaanza kuimba ya Diamond. Akina bibi kwenye benchi wanaguna: "Hiyo yenu ya juzi." Wao wana Zuwena yao, na mwenye Zuwena hiyo anaitwa Marijani Rajabu.

Kwa waliozaliwa baada ya 1990, ngoja niwape kwa ufupi. Marijani Rajabu alizaliwa tarehe 3 Machi 1955, hapa hapa Kariakoo, Dar es Salaam. Walimwita Doza, na jina lililomganda zaidi ni Jabali la Muziki. Alifariki tarehe 23 Machi 1995. Pigeni hesabu wenyewe: alikuwa ametimiza miaka 40 siku 20 tu kabla. Miaka 40, jamani. Nina wagonjwa wa umri huo wanaokuja kubeba mimba ya mwisho.

Ili umwelewe Marijani lazima uielewe Kariakoo ya wakati ule, maana nyie wengi mnaijua Kariakoo ya kugombea vitenge, vyombo na nguo za watoto za jumla. Jina lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita ya Kwanza ya Dunia, waliopigishwa kambi pale baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Baadaye ikawa mitaa ya Waafrika iliyopimwa kwa mistari: Sikukuu, Swahili, Narung'ombe, Mchikichi, Livingstone, Congo, Aggrey. Nyumba zilikuwa za chini, za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, na uani mnapika na kufua pamoja. Chumba kimoja Mzaramo, cha pili Mmanyema, cha tatu Mnyamwezi, cha nne mtu wa Kilwa. Redio ikiwashwa chumba kimoja, nyumba nzima inasikiliza. Mtoto akilia chumba kimoja, nyumba nzima inaamka. Ndiyo malezi yalivyokuwa.

Humo ndimo alimokulia Marijani. Baba yake alikuwa mtu wa dini na mtu wa kazi, mwenye shughuli za uchapaji. Mtoto akapelekwa chuoni kusoma Kurani, kama watoto wengi wa mitaa ile. Mimi si mtaalamu wa muziki, lakini nikiisikiliza sauti yake nasikia chuo mle ndani. Anajua kuivuta pumzi, anajua kulimaliza neno mpaka herufi ya mwisho, halafu hana haraka. Nyie mliosoma madrasa mtanielewa. Pembeni ya hayo masikio yake yalikuwa kwa Tabu Ley wa Kongo na kwenye sahani za santuri za Kuba zilizokuwa zimetapakaa mjini. Baba mkali ndani, rumba nje dirishani. Kijana akachagua.

SEHEMU YA 2

Kuna mama ameniuliza hapo chini: "Sista, mbona bendi zao zote zilikuwa zinaitwa jazz, na wakipiga ni rumba?" Swali zuri mno.

Neno jazz lilikuja kwetu na sahani za santuri na masimulizi ya mabaharia na wanajeshi. Jazz yenyewe ni muziki wa watu weusi wa Marekani, wa tarumbeta, saksafoni na mtu kuachiwa nafasi acheze na wimbo anavyotaka. Huku kwetu neno likageuka kuwa cheti cha usasa. Bendi ikijiita jazz maana yake ina vyombo vya kizungu, inapiga dansi watu wakishikana, si ngoma ya kuzunguka. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Western Jazz mwaka 1944, Kilwa Jazz mwaka 1958. Baada ya uhuru ikaja NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, mwaka 1964. Tumba na rumba zilitoka Kuba, magitaa yalijifunza Kongo, saksafoni na tarumbeta zikabaki na harufu ya jazz, na maneno yakawa Kiswahili cha uswahilini. Mchuzi wa vitu vingi, lakini ukiuonja unajua ni wa hapa.

Marijani aliingia humo mwaka 1972, na bendi yake ya kwanza ya kueleweka ilikuwa STC Jazz. STC lilikuwa lile shirika la umma la biashara. Mnaona mambo ya enzi hizo? Shirika linaagiza bidhaa nje, na lina bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, polisi walikuwa na bendi, jeshi lina bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara mwisho wa mwezi, na vyombo ni vya mwajiri. Kumbukeni hilo neno, vyombo ni vya mwajiri, tutalirudia.

Alikuwa na miaka 17. Kiongozi wa bendi alikuwa mpiga gitaa Raphael Sabuni, na wakasafiri mpaka Nairobi kurekodi, kwa sababu santuri zilikuwa zinatengenezwa huko. Hakukaa sana. Muda si mrefu akahamia Safari Trippers, na hapo ndipo nchi nzima ikamjua. Mtindo wao waliuita Sokomoko. Nyimbo zikafuatana: Georgina, Mkuki Moyoni, Rosa Nenda Shule. Mkuki Moyoni peke yake iliuza zaidi ya nakala 10,000 za santuri, enzi ambazo kuwa na gramafoni nyumbani ni kuwa mtu.

Siri moja ya Safari Trippers ilikuwa hii: walikuwa na vyombo vyao. Hawakuwa chini ya shirika wala idara. Wakitaka kwenda Tabora wanakwenda, wakitaka kupiga wikiendi nzima wanapiga. Kijana wa miaka 20 anaongoza bendi, anatunga, anaimba, na anazunguka mikoani.

Alichokuwa anaimba ni mambo ya nyumbani kwetu. Mke aliyeondoka. Binti aliyepotea njia. Mpenzi asiyesikia. Marafiki wanaochonganisha. Watu walisimama kwenye redio kama leo mnavyosimama kwenye tamthilia saa tatu usiku, na kesho yake bombani kila mtu ana upande. Huyu anamtetea mwanamke, yule anasema kijana kaonewa. Redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo wimbo ukipigwa, mmesikia wote kwa wakati mmoja, kuanzia Kariakoo mpaka Kasulu.

SEHEMU YA 3

Hii sehemu naomba msome taratibu. Mhusika amenipa ruhusa ya kusimulia, ila jina lake, la mjukuu wake na la shule vinabaki kwangu.

Bibi mmoja alikuja na binti wa miaka 16. Sare ya shule haikuwepo, lakini namna binti alivyokaa, miguu pamoja na mikono mapajani, unaona kabisa huyu juzi alikuwa darasani. Kidato cha pili. Mimba ya wiki 22, hajaanza kliniki. Bibi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Wakati nampima presha binti, redio ya duka la jirani ilikuwa inapiga zilipendwa, na ikaingia sauti ya Marijani. Bibi akanyamaza, akatega sikio. Nikamuuliza, "Bibi, ulikuwa unamcheza huyu?" Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, huyu tumekua naye mitaa ile ile. Mimi kwetu Sikukuu." Halafu akaniambia kitu ambacho sijakisahau: "Alipoimba ile ya Rosa aende shule, wimbo ulinikuta nimeshaolewa."

Nikamwachia aendelee. Alikuwa msichana wa shule ya msingi, anajua hesabu kuliko kaka zake. Alipovunja ungo akawekwa ndani, akachezwa, na mposaji akaja. Hakuna aliyevunja sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa wazazi wakiridhia. Basi wakaridhia. Miaka michache baadaye, akiwa na mtoto mgongoni na wa pili tumboni, anafua uani, redio ya mpangaji wa chumba cha mbele ikaanza kumwambia Rosa aende shule. Anasema alisimama na povu mkononi mpaka wimbo ukaisha. "Nikasema, sasa huyu mtoto wa kiume wa Kariakoo ndiye ananiambia mimi leo? Alikuwa wapi?"

Jamani, hebu tuutazame wimbo ule kwa wakati wake. Azimio la Musoma lilikuwa mwaka 1974, na elimu ya msingi kwa watoto wote ikaanza kutekelezwa mwaka 1977. Kabla ya hapo mtoto wa kike kuwa darasani ilitegemea baba kaamkaje. Sasa kijana wa mjini, mwimba dansi, kazi ambayo wazee waliiona ya wahuni, anachukua wimbo na kumwambia msichana kwa jina: nenda shule. Hakuwa mwalimu, hakuwa shehe wala padri. Na wimbo ule ulichezwa harusini, ulichezwa baa, na ulichezwa kwenye ukumbi ambao baba wa Rosa mwenyewe amekwenda kustarehe. Hotuba ya waziri unaweza kuizima. Wimbo unaoupenda unakufuata mpaka chooni.

Nikarudi kwa binti. Presha yake ilikuwa sawa, lakini damu ilikuwa ndogo. Mama zangu, mimba ya msichana wa miaka 15 au 16 si mimba tu kama nyingine. Mwili wake wenyewe bado unakua, nyonga bado, chakula kidogo alichonacho anagawana na mtoto. Hatari ya upungufu wa damu, kifafa cha mimba, uchungu pingamizi na mtoto njiti ni kubwa zaidi kwake. Ndiyo maana tunasema asifichwe ndani kwa sababu ya aibu. Aibu haijawahi kupandisha damu ya mtu. Aje mapema, apate vidonge vya damu, apimwe mkojo na presha kila anapokuja, na ajifungulie kituoni.

Tulipomaliza hayo bibi akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu: "Ndiyo basi tena, shule?"

Nikamwambia hapana bibi, si basi tena. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye shule ya mfumo rasmi baada ya kujifungua. Miaka mingi kabla ya hapo mlango ulikuwa umefungwa, na watu wengi mpaka leo wanadhani bado umefungwa. Bibi alinitazama kama namtania. Akamgeukia mjukuu, akamwambia, "Umemsikia sista?" Binti akaanza kulia, na ilikuwa mara ya kwanza anatoa sauti tangu waingie.

SEHEMU YA 4

Wengi mmeniuliza yule binti aliishia wapi. Nitawaambia, lakini kwanza tummalize Marijani, maana hadithi yake nayo ina mimba iliyoharibika, kama ninaweza kusema hivyo.

Safari Trippers ilivunjika, na katika nusu ya pili ya miaka ya 70 Marijani akawa na Dar International, mtindo wao Super Bomboka. Hapa ndipo zilipotoka Zuwena na Mwanameka, zile zilizozaa majina kwenye kadi zetu. Mwaka 1978 ilipoanzishwa Mlimani Park, baadhi ya wanamuziki wa Dar International wakahamia huko. Bendi nyingine ingekufa. Yeye akajaza nafasi, akaendelea mpaka katikati ya miaka ya 80, na watu wakaendelea kujaa.

Lakini mambo mawili yalikuwa yanamla chini kwa chini.

La kwanza ni vyombo. Dar International haikuwa kama Safari Trippers, vyombo havikuwa vya wanamuziki. Mwenye gitaa na spika ndiye mwenye neno. Unaweza kuwa jabali, nchi nzima inaimba nyimbo zako, lakini mwenye spika akizifungia stoo, jabali huna pa kuimbia.

La pili ni malipo. Bendi ilirekodi Radio Tanzania, nyimbo zikapigwa kila siku, miaka na miaka. Mwanamuziki alilipwa kitu kidogo siku ya kurekodi, basi. Wimbo ukipigwa mara elfu baada ya hapo, hana chake. Zikaja kanda za kaseti, kila mwenye redio ya kaseti mbili akawa kiwanda. Mtu anachukua kanda moja, anatoa nakala mia, anauza Kariakoo hiyo hiyo alikozaliwa mwimbaji. Na sisi tulinunua. Nyumba zetu zote zilikuwa na hizo kanda, tena na jina limeandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi zimekosewa.

Baada ya Dar International alipita Mwenge Jazz, akaenda Kurugenzi ya Arusha, akawa na Watafiti. Mtu anayehama hivyo anatafuta mahali pa kuweka mguu. Mwanzoni mwa miaka ya 90 hakuwa tena na vyombo vya kupigia. Alirudi Kariakoo, akawa anaendesha maisha kwa kuuza kanda za nyimbo zake mwenyewe.

Hebu mfikirie kwa dakika moja. Unakwenda Kariakoo kununua sufuria, unampita mtu amekaa na kanda zake, na yule mtu ndiye Zuwena, ndiye Georgina, ndiye Rosa. Mwaka 1994 redio binafsi zikaanza, nyimbo za zamani zikapata masaa mapya ya kupigwa. Yeye alibakiwa na mwaka mmoja tu. Sheria ya Hakimiliki tuliyonayo sasa, iliyoleta COSOTA, ni ya mwaka 1999. Alikuwa amelala kaburini miaka minne.

Alizikwa makaburi ya Kisutu, si mbali na mitaa aliyokulia. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimtunuku nishani, akiwa marehemu. Ni jambo jema, na nawapongeza walioikumbuka. Ila sisi tunaofanya kazi wodini tuna mazoea ya kuuliza: huyu alipokuwa anapumua, nani alikuwa naye?

Sasa najua litakuja swali, limeshakuja pembeni mara tatu: "Sista, alikufa na nini?" Mama zangu, mgonjwa ana siri yake hata akiwa marehemu. Enzi zile kila kijana aliyefariki mtaani watu walimpa ugonjwa wao wenyewe midomoni, na familia zikabeba maneno hayo kwa miaka. Mimi sitalisogelea. Mtu aliyetuimbia miaka zaidi ya 20 hatumlipi kwa umbea wa faili.

Ninachoweza kusema ni hiki, na kinawahusu nyie zaidi. Kazi nyingi za mji huu zinafanana na ya Marijani. Mama lishe, fundi cherehani, machinga wa Mtaa wa Congo, dereva bodaboda, mwimba taarabu: wote chombo chao cha kazi ni mwili. Sauti ikikatika, mgongo ukikatika, kipato kimekatika siku hiyo hiyo. Naona akina baba wa miaka 38, 40 wanaletwa presha ipo juu, hajawahi kuipima maisha yake yote kwa sababu "sina muda, leo sijauza". Mumeo akikusindikiza kliniki, mwambie naye atoe mkono apimwe. Ni dakika mbili. Na fedha ya bima itafuteni kabla ya fedha ya vitenge vya arobaini. Sisemi msifanye arobaini, nasema mpangilio.

SEHEMU YA 5 (YA MWISHO)

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike, kilo 2.7. Damu yake ilikuwa imepanda, ingawa tulihangaika. Bibi alimpa mtoto jina la marehemu mama yake binti, si jina la wimbo wowote, msitafute.

Kazi ikaanza baada ya hapo. Bibi alikwenda shuleni, akaambiwa aje wiki ijayo. Akaenda wiki ijayo, akaambiwa nafasi zimejaa, na mwalimu mmoja akamwambia kwa upole kwamba mjukuu wake "atawaharibu wenzake". Alirudi kwangu amevunjika. Nikamwambia bibi, usibishane kwa hasira. Nenda kwa afisa elimu wa kata, peleka maelezo yako kwa maandishi, na uliza jibu kwa maandishi. Watu wengi wanaokataa kwa mdomo hawapendi kukataa kwa karatasi. Alikwenda. Januari binti alipokelewa shule nyingine, kidato cha pili tena.

Kwa wenye binti wa namna hii nyumbani, haya ndiyo ya kushika:

Msisubiri. Mwongozo unampa muda wa miaka 2 kurudi shuleni, na mtoto mchanga ana tabia ya kuila miaka miwili mkiwa mnaangalia. Anzeni kufuatilia kabla hajajifungua.

Kunyonyesha na shule vinawezekana. Mtoto apate maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza. Binti akirudi mapema, anyonyeshe alfajiri, akamue maziwa kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, bibi ampe mtoto kwa kikombe, si kwa chupa ya chuchu. Nje ya friji maziwa yasizidi saa 4, na kwa joto letu la Dar msifike hata huko. Akirudi, ananyonyesha tena, na usiku ndiyo zaidi.

Chanjo zisirukwe kwa sababu mama yuko darasani. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, yeyote anayelea anaweza kumleta mtoto. Bibi aje, shangazi aje, baba aje. Kadi tu msiisahau.

Mazungumzo ya uzazi wa mpango yafanyike mapema, na yafanyike bila matusi. Binti aliyepata mimba moja si mwali wa kuchezwa upya, ni mtu anayehitaji taarifa. Mleteni, tutaongea naye faragha.

Na baba wa mtoto yupo. Kila mara nikiuliza, nyumba nzima inatazama chini. Mtoto hajajileta mwenyewe. Kama ni mtu mzima aliyemrubuni mwanafunzi, hiyo ni kesi, na dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi lipo kwa kazi hiyo. Mkimaliza kwa mbuzi na fedha ya fidia, mjue mmempa ruhusa ya binti wa pili.

Sasa nimalizie na muziki, nilivyoahidi.

Mtoto huanza kusikia akiwa tumboni, mimba ikikaribia miezi 6. Sauti anayoijua kuliko zote ni ya mama yake. Akizaliwa, hahitaji spika ya wanga wa sabufa, tena masikio yake bado laini, na nyie mnaokaa juu ya maduka yenye matangazo ya "njoo ununue" kutwa nzima, jitahidini chumba cha mtoto kiwe cha nyuma. Anachohitaji ni wewe uimbe. Sauti mbaya, sauti nzuri, kwake hakuna tofauti. Imba unaponyonyesha, imba unapomwogesha. Na kama hujui bembelezi za kwenu, imba chochote ulicholelewa nacho. Kuna watoto hapa mjini wamelala kwa Mkuki Moyoni, na wamekua vizuri tu.

Mkiisikiliza Georgina usiku huu, sikilizeni kwa namna ambayo mwenye kazi na warithi wake wanapata chao. Hakuna sababu ya kuendelea kufanya kile kilichofanywa na redio zetu za kaseti mbili.

Na mkiwa na bibi au mama mkwe nyumbani, muulizeni wimbo gani ulimkuta na nini. Msimuulize kama alicheza. Muulizeni alikuwa anafanya nini siku aliyousikia, na alitaka kuwa nani wakati huo. Mnaweza kukuta mtu mwingine kabisa mle ndani, msichana anayejua hesabu kuliko kaka zake.

Yule bibi siku hizi ndiye anayemleta mtoto kliniki, kwa sababu mwenye mtoto yuko darasani. Juzi nilimuuliza, "Bibi, umechoka?" Akaniambia, "Nimechoka, mwanangu. Lakini uchovu huu nimeuchagua mwenyewe."

Maswali wekeni hapo chini, ya faragha niandikieni pembeni. Wiki ijayo tunarudi kwenye chango na kitovu cha mtoto, na safari hii naomba dawa ya meno mwilini mwa kichanga ibaki kwenye meno.